Kompyuta ya Wengi na Kompyuta ya Nyumbani

Kompyuta kuu itumiwayo na watu wengi walio mbali nayo, ambayo siku hizi huitwa seva, yafanana na nyumba ya kupangisha: kila mpangaji ana chumba chake na ufunguo wake, lakini ua na kisima ni vya wote. Kompyuta iliyo mezani sebuleni ni nyumba ya mtu mwenyewe. Kila moja yataka vizuizi vyake, na ajabu ni kwamba watu walio hodari wa kuilinda ile ya kwanza mara nyingi huiacha ya pili bila komeo.

Kisa kimoja cha Marekani chafaa kukumbukwa. Katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, kompyuta ya kutumiwa na wengi kwa wakati mmoja ilionyeshwa mwaka 1961, chini ya uongozi wa Fernando Corbató. Baadaye kila mtumiaji akawa na neno lake la siri. Siku moja, katikati ya miaka ya 1960, kila aliyeingia alikuta, mahali pa tangazo la siku, orodha nzima ya maneno ya siri ya wenzake! Hakuna mwizi aliyevunja mlango. Programu ya kuandikia ilitungwa kwa kudhani kwamba katika akaunti moja atafanya kazi mtu mmoja tu, hivyo rasimu zote ziliwekwa kwa jina lile lile. Kisha wasimamizi wakaruhusiwa kuitumia akaunti yao zaidi ya mmoja kwa pamoja; huyu akihariri tangazo, yule orodha, rasimu zikabadilishana mahali. Sheria ililegezwa pasipo kuuliza ilikuwa ikizuia nini.

Katika mfumo wa Unix, uliozaliwa mwaka 1969, kila faili ina ruhusa za namna tatu: za mwenyewe, za kikundi chake na za watu wengine. Juu ya wote yuko msimamizi mkuu, asiyezuiwa na lolote, na hapo ndipo hatari ilipo. Programu ya sudo, iliyotungwa mwaka 1980, humwezesha mtu kufanya kazi fulani ya msimamizi bila kukabidhiwa funguo zote, na tendo lake huandikwa. Askari aliyewahi kutia sahihi daftarini ili apewe bunduki ghalani haoni jipya hapo. Nafasi ya kuhifadhia na muda wa mashine pia hugawiwa kwa kipimo, maana mlafi mmoja aweza kuwalaza wenzake njaa.

Nyumbani mambo ni mengine. Kompyuta za miaka ya 1980 zilizotumia MS-DOS hazikumtambua mtu yeyote. Aliyeketi ndiye mkuu. Hata Windows XP ya mwaka 2001 ilimpa mamlaka yote aliyeianzisha, na programu mbaya aliyoifungua bila kujua ikarithi mamlaka hayo hayo. Mwaka 2007 Windows Vista ikaanza kuomba idhini kabla ya mabadiliko makubwa. Watu wakanung'unika, nao walikuwa na haki: aulizwaye mno hujibu ndiyo bila kusoma. Yatosha baba na mama kutumia kila siku akaunti isiyo na mamlaka, watoto wawe na zao, na ile ya msimamizi itumike wakati wa kuweka programu mpya. Kumpimia mtoto nafasi ya faili kama afanyavyo bwana wa seva ni kujisumbua bure.

Tofauti kubwa huonekana siku ya uhamisho. Kwenye seva ya kazini, akaunti ya anayeondoka yapasa kufungwa siku ile ile, kwa kuwa ikibaki wazi hakuna ajuaye ni nani anayeingia kwa jina lake. Nyumbani ni kinyume. Baba aliyepelekwa mpakani miezi sita, na neno la siri la msimamizi limo kichwani mwake peke yake, ameiachia familia sanduku lisilofunguka. Mashine ikilidai neno hilo, mama hana la kufanya. Basi na liandikwe, litiwe katika bahasha iliyogandishwa, likae pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na mke aonyeshwe mahali lilipo kabla mume hajapanda lori.