Gari Jipya, Gari Kuukuu na Bei ya Kusubiri

Miongoni mwa mambo yanayojadiliwa kwa bidii katika vyumba vya walimu vya hapa Khayega na viunga vyake, kuanzia Mukumu hadi Shinyalu, suala la gari limetwaa nafasi iliyokuwa ya ploti na ng'ombe wa gredi. Mwalimu kijana aliyeajiriwa juzi na Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, hajamaliza hata kulipia kitanda chake, lakini tayari amekariri ukubwa wa injini ya Suzuki Swift Sport na nguvu zake kama alivyokariri ngeli za nomino. Wapo wanaomcheka. Wanamwambia kuwa gari la mwalimu ni lile la kumfikisha shuleni na kumrudisha nyumbani, na kwamba tamaa ya kigari chenye mbio ni utoto.

Mimi simcheki. Khayega ni mahali ambapo watu hudamka kabla ya jua kuchomoza kwenda kuwatazama mafahali wakipigana huku isukuti ikirindima. Mwenye fahali wa kupigana humlisha na kumtunza kwa gharama kubwa, hamfungi jembe la kulimia, na sijasikia mtu yeyote wa Isukha akimtaka aeleze faida yake kwa hesabu. Furaha pia ina haki yake katika bajeti ya mtu mzima. Kwa hivyo sitauliza kama mwalimu anastahili gari linalomfurahisha. Nitauliza anunue la aina gani, jipya au lililokwisha kutumika, na kama yuko tayari kulipa bei ya kulingoja.

Nianze na gari jipya, na sitakawia hapo. Nchi hii imekuwa na ndoto ndefu kuhusu magari yake yenyewe. Mnamo 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka wa 1990 umma ukaonyeshwa Nyayo Pioneer, gari ambalo halikupata kuuzwa madukani. Miaka mingi baadaye, Desemba 2016, Rais Uhuru Kenyatta alizindua mjini Thika uunganishaji wa Volkswagen Polo Vivo, gari dogo lenye mlango wa nyuma unaoinuka pamoja na kioo chake, la umbo lile lile ambalo vijana wetu wanalipenda. Ulikuwa mpango mzuri. Hata hivyo, tazama barabara ya Kakamega kuelekea Kisumu kutwa nzima, uyahesabu magari madogo yaliyonunuliwa mapya na watu binafsi. Vidole vya mkono mmoja huenda vikatosha. Gari jipya huja na udhamini wa mtengenezaji na utulivu wa moyo, lakini mnunuzi wa kwanza ndiye anayebeba hasara kubwa ya miaka ya mwanzo, wakati bei inaposhuka kwa kasi. Mshahara wa mwalimu haukupangwa kubeba hasara hiyo. Akitaka la mbio lililo jipya, atalazimika pia kuliagiza na kulingoja, maana si bidhaa inayowekwa dukani ikimsubiri mteja.

Basi tunabaki na gari lililotumika, na hapa njia zinaachana: kuna kuliagiza kutoka Japani, na kuna kulinunua hapa hapa, ama kwa mwenyewe ama katika yadi.

Wanafunzi huniuliza kwa nini Wajapani wayaache magari ambayo bado yanang'aa. Kwao gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama zake, pamoja na kodi na bima zinazolipwa wakati huo huo. Wengi huona afadhali kuuza kuliko kulipa. Gari huenda mnadani likiwa na karatasi ya ukaguzi inayolipa alama, 4 au 3.5 kwa mfano, na herufi R kwa lile lililopata ajali na kutengenezwa. Karatasi hiyo ni sawa na ripoti ya mwanafunzi, na mwalimu anayejua kusoma ripoti hana udhuru wa kununua gari bila kuidai kwanza.

Sheria zetu nazo zina masharti. Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini, KEBS, halikubali gari lililozidi umri wa miaka 8 tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza, na usukani sharti uwe upande wa kulia. Ndiyo maana katika mwaka wa 2025 lililokubaliwa lilikuwa lile la mwaka wa 2018 na baadaye. Kwa mpenzi wa Swift Sport hii si habari mbaya, kwa kuwa toleo lenye injini ya sentimita za ujazo 1,371 na nguvu za farasi 140 lilianza kuuzwa Japani Septemba 2017.

Injini hiyo ndogo ina maana katika ushuru. Tuchukue gari ambalo Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA, imelikadiria thamani ya shilingi 1,000,000 kwa ajili ya forodha. Kwa viwango vilivyotumika mwaka wa 2025, ushuru wa forodha wa asilimia 35 ni shilingi 350,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi 1,500 ni asilimia 20, nao haukokotolewi kwa ile milioni bali kwa 1,350,000. Hivyo ni 270,000. Ushuru wa thamani ya ziada wa asilimia 16 unatozwa juu ya jumla ya hayo yote, yaani 1,620,000, nao ni 259,200. Ongeza ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, na ile ya ujenzi wa reli, asilimia 2, zote kwa thamani ya mwanzo: 25,000 na 20,000. Jumla ni shilingi 924,200. Injini ikizidi 1,500, ushuru wa bidhaa huwa asilimia 25 na jumla hupanda hadi 1,002,500. Mwalimu wa hisabati wa kidato cha pili na awape wanafunzi wake hesabu hii. Watajifunza asilimia na uraia kwa kipindi kimoja. Watajifunza pia kwamba ushuru unaweza kutozwa juu ya ushuru.

Izingatiwe kwamba thamani hiyo ya forodha haitokani na risiti ya mnunuzi. KRA ina orodha yake ya bei, ambayo hupunguzwa kulingana na umri wa gari, na mwaka wa 2025 ilitangaza orodha mpya. Anayepanga bajeti kwa kutazama bei ya Japani peke yake amepanga nusu ya bajeti.

Wale wasiopenda hesabu hizi hukimbilia gari lililo hapa nchini. Ushuru wake umelipwa, unaligusa, unaliendesha, na jioni unaingia nalo nyumbani. Lakini hapa ndipo mwanauchumi George Akerlof wa Marekani alipotuonya mwaka wa 1970, katika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 2001. Hoja yake ni nyepesi: muuzaji anajua kasoro za gari lake, mnunuzi hazijui. Kwa kuwa mnunuzi anaogopa, hutoa bei ya wastani; mwenye gari zuri anaona bei hiyo haimfai na kulirudisha nyumbani, na sokoni yanabaki mabovu. Kinacholiokoa soko ni habari. Kwetu habari hiyo hupatikana kwa fundi unayemwamini wewe, asiyeletwa na muuzaji, na kwa kuitafuta nambari ya gari katika rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, ili ujue mmiliki ni nani na kama kuna mkopeshaji aliyeshikilia cheti cha umiliki. Yadi zinazouza kwa malipo ya kila mwezi ni jambo jingine. Mwenye haraka hulipia haraka yake huko, na mara nyingi hagundui kiasi alicholipa mpaka aketi na kalamu.

Sasa nifike kwenye kusubiri kwenyewe. Meli kutoka Japani hadi Mombasa huchukua takriban mwezi mmoja hadi mwezi na nusu. Kabla ya hapo kuna mnada, ukaguzi na kungoja nafasi melini. Baada ya hapo kuna forodha na nambari za usajili. Miezi mitatu ni makadirio ya mtu mwenye busara. Huambiwa kuwa subira huvuta heri, lakini methali hiyo haisemi ni nani anayelipa riba wakati heri ikivutwa.

Kusubiri kuna bei, na historia inaithibitisha. Katika Ujerumani Mashariki ya zamani raia waliagiza Trabant na kuingoja zaidi ya miaka 10, kiasi kwamba iliyotumika, iliyo tayari kuondoka, iliuzwa kwa bei iliyoipita ile rasmi ya mpya. Tusidhani ni kituko cha ukomunisti tu. Mwaka wa 2021 na 2022, vipande vidogo vya elektroniki vilipoadimika duniani na viwanda vikashindwa kumaliza magari, baadhi ya magari yaliyotumika huko Marekani yaliuzwa ghali kuliko mapya ya aina ile ile. Watu walilipia siku.

Nasi tuna Trabant yetu, na imo katika Sacco.

Mwalimu mwenzangu kijana alinijia muhula uliopita akiwa na fomu ya mkopo. "Mwalimu, naomba unidhamini," akasema, kwa adabu ambayo watu wa hapa huwa nayo wanapoomba jambo zito. Mkopo ulikuwa shilingi milioni 1.5 kwa ajili ya kuagiza gari. Kudhamini si kutia sahihi tu. Akiba yangu inafungwa hadi mkopo upungue, naye akishindwa, mimi ndiye nitakayekatwa. Kwa hivyo nilikuwa na haki ya kuuliza maswali, na nikayauliza. Baada ya makato yote, je, theluthi moja ya mshahara wake ingebaki kama Sheria ya Ajira ya 2007 inavyotaka? Ingebaki, ila kwa shida. Bima kamili ya gari ameipangia fedha? Hakuwa ameifikiria. Vipuri vya gari hilo vinapatikana Kakamega mjini, kama vya Vitz na Demio, au hadi viagizwe Nairobi? Na kimo chake cha sentimita 12 hivi kutoka ardhini, kitapitaje kwenye matuta ya barabarani na kwenye njia ya udongo ya kwao wakati wa mvua ya Aprili? Alitabasamu, akasema atapita polepole. Nikamwambia kwamba farasi 140 hawanunuliwi ili wapite polepole, na kwamba mbele ya soko sheria inamruhusu kilomita 50 kwa saa, mahali ambapo jioni wanafunzi wetu wanatembea ukingoni na bodaboda zinakatiza bila kutazama. Hofu yangu kubwa ilikuwa hiyo.

Lakini swali lililonisumbua zaidi kwa upande wa fedha lilihusu tarehe. Mkopo ukitolewa wote kwa pamoja, makato huanza mwezi unaofuata, wakati gari liko baharini. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio, milioni 1.5 humgharimu shilingi 15,000 katika mwezi wa kwanza. Takriban nusu ya fedha hizo ni za ushuru, ambao hautalipwa mpaka meli itie nanga. Yaani shilingi 750,000 zinalala benki bila kazi, naye anazilipia takriban 7,500 kila mwezi. Kibaya zaidi, fedha zinazolala hushawishi. Nimeona zikigeuka mabati, karo na arusi, halafu gari likafika bandarini ambako siku za bure zikiisha gharama za kuhifadhi huanza kuhesabiwa.

Tena kuna thamani ya shilingi yetu. Mnamo Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Kufikia Juni mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Aliyeagiza mwezi wa kwanza na aliyeagiza mwezi wa sita walinunua gari lile lile kwa bei mbili tofauti, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mjanja kuliko mwenziwe.

Msimamo wangu, basi, ni huu. Mwalimu asiye na dharura na aagize gari lililotumika, la umri wa miaka 4 hadi 6, lenye injini isiyozidi 1,500. Asichague lile la mwaka wa mwisho unaoruhusiwa kwa sababu ya urahisi wake, maana likiondoka Japani Novemba na kufika baada ya Desemba 31, litakuwa limezeeka njiani na kukataliwa. Likiwa ni la mbio, na liwe. Mradi bima na vipuri vimo katika hesabu. Mwenye dharura, kama mzazi mgonjwa wa kupelekwa hospitalini kila wiki, asingoje meli. Na anunue la hapa, akiwa na fundi wake. Gari jipya namwachia mwenye uwezo, ambaye bila shaka hahitaji ushauri wa safu hii.

Kwa Sacco za walimu nina ombi moja mahususi. Mkopo wa kuagiza gari utolewe kwa awamu mbili: kwanza bei ya kununulia na kusafirishia, ilipwe moja kwa moja kwa muuzaji aliyehakikiwa, kisha fedha za ushuru, zilipwe KRA hati za meli zinapowasilishwa. Riba ya awamu ya pili ianze siku inapotolewa. Mwanachama ataokoa maelfu ya shilingi, mdhamini atalala, na chama kitakuwa na hakika kwamba fedha zake zimegeuka gari. Mabadiliko haya hayahitaji Bunge wala waziri. Yanahitaji azimio la mkutano mkuu wa mwaka, na mkutano huo wanachama tunauhudhuria, japo wengi wetu huondoka mara tu baada ya chakula cha mchana, kabla ya ajenda ya mwisho ambapo mambo kama haya huwekwa.

Kijana wangu nilimtilia sahihi. Amechagua Demio ya 1,300 kwa sasa, na anangoja meli.