Barua ya kujieleza ilifika kabla ya daktari

KANDO YA ZIWA
Na Nyamisi Magesa

Shangazi yangu ana bahasha ya kaki ambayo haimtoki mkononi. Ndani yake mna barua tatu za kumtaka ajieleze, na kadi moja ya hospitali. Barua ya kwanza inasema mwalimu amepoteza shilingi 86,000 za michango ya uji. Ya pili, amejaza alama za mtihani kwenye majina yasiyo yake. Ya tatu, amekuwa akitoka darasani katikati ya kipindi bila kuaga. Kadi ya hospitali, yenye jina la ugonjwa, imepigwa mhuri miezi 19 baada ya barua ya kwanza. Wakati huo alikuwa na miaka 52, na ajira hana tena.

Zile fedha tulikuja kuzikuta nyumbani kwake, hapa Kabasa, ndani ya ndoo ya unga wa muhogo. Zilikuwa zimefungwa kwenye kitambaa, hata mia haikupungua. Kwa muda wote huo shule nzima ilikuwa imeshahukumu kwamba amezila. Baadhi yetu ndugu zake tulihukumu hivyohivyo, nami nilikuwa mmoja wao.

Tumezoea kusema kusahau ni maradhi ya bibi na babu. Hata watafiti waliopita vijijini wilayani Hai, Kilimanjaro, miaka ya 2009 na 2010, walihesabu waliotimiza miaka 70 kwenda juu, wakakuta zaidi ya 6 katika kila 100 wana demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaompokonya mtu kumbukumbu. Kazi ile ilitufumbua macho wengi. Lakini mwalimu wa miaka 52 hakuwamo katika hesabu hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na kwamba hadi 9 katika kila 100 huanza kuugua kabla ya miaka 65. Hao ni watu walio kazini, wenye watoto shuleni na mikopo benki.

Na tukirudi mwanzo kabisa, mgonjwa aliyelipatia umaarufu jina la Alzheimer, aina mojawapo ya demensia, hakuwa ajuza. Auguste Deter alikuwa na miaka 51 alipopokelewa katika hospitali ya Frankfurt, Ujerumani, Novemba 1901. Kazi yake ilikuwa nyumba yake, na ndiko ugonjwa ulikoanza kuonekana: mapishi yakamharibikia, akawa anaficha vitu ovyo. Niliposoma habari ya kuficha vitu, niliiona ile ndoo ya unga.

Kazini ugonjwa huu hauji na homa wala kikohozi. Unakuja na sura ya uzembe. Mhasibu anakosea hesabu aliyoifanya miaka 20. Muuguzi anampa mgonjwa dawa ileile mara mbili. Mwingine anakuwa mkali, anatukana, na wakubwa wanasema siku hizi anakunywa. Shangazi alikuwa anafundisha hesabu za sehemu asubuhi, na baada ya mapumziko anaanza upya hesabu zilezile. Walimu wenzake walimpenda, wakawa wanamjazia rejista na kumsahihishia madaftari kimyakimya karibu mwaka mzima. Siwalaumu, ila wema ule ulimchelewesha kufika hospitali kuliko hata zile barua.

Kuchelewa huko kuna hasara kubwa, maana si kila anayepotewa na kumbukumbu ana ugonjwa usiorudi nyuma. Tezi ya shingo ikilegea kazi, mtu husahau. Upungufu wa vitamini B12, kaswende ya siku nyingi, sonona, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka na bodaboda, virusi vya UKIMWI visivyodhibitiwa kwa dawa, vyote vinaweza kuivaa sura ileile. Vingi kati ya hivyo vinatibika, na kuvijua kunaanza na vipimo. Barua ya kujieleza haipimi damu.

Sheria yetu si katili kama wengi wanavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kanuni za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mgonjwa, aangalie chanzo cha kushindwa kwake, uzito wake, na kama kazi inaweza kurekebishwa ili aimudu. Lakini mlango huo unafunguliwa kwa cheti cha daktari. Aliyeingizwa kwenye nidhamu kwanza huwa ameshapita mlango mwingine.

Na mvuvi wa dagaa wa Musoma? Yeye hana hata huo mlango. Analipwa kwa mgao, na usiku aliokosa kwenda ziwani hana chake. Akianza kuusahau mwelekeo wa mwaloni gizani, tajiri atamweka mwingine kesho yake, na sitamlaumu tajiri, kwa sababu kuna roho za watu ndani ya mtumbwi. Hapo ni ndugu na zahanati tu.

Kurekebisha kazi kunawezekana. Kate Swaffer wa Australia, aliyewahi kuwa muuguzi, aliambiwa ana ugonjwa huu kabla ya kutimiza miaka 50, akashauriwa aache kazi na masomo. Masomo hakuyaacha, aliyamaliza, na mwaka 2014 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa umoja wa kimataifa wa wagonjwa wenyewe. Shangazi angeondolewa michango na rejista, akaachiwa darasa moja pamoja na mwenzake, angefundisha miaka miwili zaidi. Naamini hivyo, maana mpaka leo jedwali la saba hakosei.

Jumatatu mimi na mwanawe tunapeleka maombi kwenye ofisi iliyomwachisha, tukitaka jalada lake liandikwe ugonjwa badala ya wizi. Shangazi anasema lazima awepo. Ameshazihesabu zile 86,000 mara mbili, zimo kwenye kitambaa kilekile. Anataka kuzikabidhi kwa mkono wake, apewe stakabadhi.