SUFURIA YA MAMA INA KOSA GANI?

Ndugu msomaji, wewe uliyekaa kijiweni Kariakoo au Manzese na soda yako mkononi (au kitu kingine, mimi si askari), hebu nikuulize. Nauli ya basi lililokuleta mjini kutoka kusini ilitoka wapi? Kama kwenu ni Ruangwa, Nachingwea au Liwale jibu unalijua, ila unaona haya kulisema mbele ya wenzako. Watu wa mjini wanakuita Mmachinga na kukucheka. Nauli ile ilitoka kwenye sufuria ya mama!

Korosho zinapoanza kuanguka, mabibo yanatapakaa chini ya mikorosho. Mama anaokota, anakamua, maji yake anayatia kwenye ndoo. Kesho yake tayari ni uraka, mtamu unaokwaruza koo. Ukiachwa siku kadhaa unakuwa mkali, na hapo sufuria ileile iliyosonga ugali wa mchana inarudi motoni. Inafunikwa, mwanya unazibwa kwa unga uliokandwa, bomba linapitishwa kwenye maji ya baridi, matone yanadondoka chupani. Gongo hiyo. Mtambo wa ajabu uko wapi? Ni vyombo vya jikoni tu.

Halafu mgambo wanakuja. Wanamwaga, sawa. Lakini sufuria nayo wanaibeba! Eti kidhibiti. Usiku ule watoto wamepikiwa kwenye nini? Na lita ngapi zinamwagwa kweli, ngapi zinaishia kwenye makoo ya wakubwa? Usidhani natania. Februari 2024 huko Kirinyaga, Kenya, zaidi ya watu 10 walikufa kwa pombe, na serikali yao wenyewe ikaeleza kwamba pombe ile ilikuwa kidhibiti kilichotoroshwa kituo cha polisi.

Sheria wanayoitumia kwetu ni ya 1966. Ndani yake gongo inaitwa moshi, na ni kosa kuitengeneza, kuiuza au kukutwa nayo bila leseni. Bila leseni, ndugu yangu! Maana yake leseni ipo. Uliza sasa mama wa Ruangwa aliwahi kuambiwa fomu inachukuliwa ofisi gani. Konyagi anayokunywa bwana mkubwa hotelini nayo imekenekwa kwa moto na mvuke. Tofauti ni chupa, nembo na ushuru.

Najua atatokea mtu aniite mtetezi wa walevi. Atulie. Nimemzika kijana niliyesoma naye hadi kidato cha nne, ini limekwisha, hata mke hajaoa. Gongo inaua, na anayetia spiriti ya viwandani ili iwe kali ni muuaji, afungwe. Lakini fikiri kidogo. Mpikaji anayejua kazi huyamwaga matone ya kwanza kwa sababu ni mabaya. Anayepika kichakani usiku, sikio likiwa njiani kusikiliza pikipiki ya mgambo, atamwaga saa ngapi? Na ukimnyang'anya sufuria safi, kesho atapikia debe lililokuwa na mafuta ya mashine au dawa ya kupulizia mikorosho. Msako unamwacha mnywaji na sumu zaidi ya ile ya jana!

Ruangwa nayo si pori lililosahaulika. Kassim Majaliwa alikuwa mbunge wake kuanzia 2010, akawa Waziri Mkuu kuanzia Novemba 2015 hadi 2025. Ni yeye aliyetangaza Mirerani, Februari 2017, kwamba viroba mwisho Machi 1. Katika hilo sina ugomvi naye, viroba vilikuwa vinawamaliza vijana kwa shilingi mia tano. Ninachouliza ni kingine: kama serikali ilikuwa na nguvu ya kuondoa viroba nchi nzima kwa wiki mbili, ilikosa nguvu gani ya kumpa mama wa jimbo la Waziri Mkuu kipimo cha kilevi na karatasi ya leseni?

Wenzetu wamefanya. Kenya ilifuta marufuku ya chang'aa 2010 ikaweka masharti ya kuitengeneza na kuiuza. Hawajamaliza matatizo, Kirinyaga ni shahidi, lakini angalau anayetaka kupika kihalali ana mlango wa kugonga. Goa, India, ndiyo itakayokuumiza. Wanakeneka mabibo kama ya kwetu, wanaiita feni, na 2009 kinywaji hicho kikapewa ulinzi wa kisheria wa jina la asili yake. Mtalii anapanda ndege kwenda kukionja. Huku kwetu anayekipika anapanda karandinga.

Piga hesabu. Msimu wa 2017/2018 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho. Bibo lina uzito wa korosho yake mara tano au zaidi. Hizo ni tani milioni moja na nusu za tunda lenye vitamini C kuliko chungwa, na sehemu kubwa inaozea chini. Korosho ina ghala, ina stakabadhi, ina mnada wa RUNALI. Bibo halina hata kibanda.

Vikundi vya akina mama vipewe leseni kupitia vyama vyao vya msingi. Wapewe mitungi isiyopata kutu, na afisa wa kupima badala ya mgambo wa kubeba. Asiyetaka pombe akamue juisi, soko liwepo.

Na wewe unayerudi likizo msimu wa korosho, diwani akiitisha mkutano simama, usijifiche nyuma ya wazee. Muulize masufuria yaliyobebwa yako wapi. Ya shangazi yangu ni ile kubwa ya shughuli, imeungua upande mmoja, mkono wa kushoto umefungwa kwa waya. Anaisubiri.