Saa ya Argoni si Anasa

Wapo wanaouliza kwa nini fedha za umma zitumike kupima mwanga wa chembe moja isiyoonekana. Swali hilo ni halali, nami nathubutu kulijibu.

Mwaka wa 2020, wataalamu wa Braunschweig na Heidelberg, Ujerumani, walichukua argoni, gesi iliyomo katika hewa tuivutayo, wakaipokonya elektroni 13 kati ya 18 zake. Ayoni ya namna hiyo huzaliwa katika joto la kutisha, na leza haiwezi kuipoza moja kwa moja. Basi wakainasa kwa nguvu za umeme kando ya ayoni ya beriliamu, ambayo leza huipoza vyema. Beriliamu ilipotulia, argoni nayo ikatulia. Kisha beriliamu hiyo hiyo ikatoa habari za jirani yake. Usahihi wa kupima ayoni za aina hii ukaongezeka takriban mara milioni 100. Kufikia mwaka wa 2022, ayoni hiyo ilikwisha fanywa saa.

Faida ni nini? Elektroni zilizosalia zimeshikwa kwa nguvu mno, hata vurugu za nje haziziyumbishi kwa urahisi. Saa kama hiyo yaweza kufichua iwapo kanuni za maumbile hubadilika.

Saa ya seziamu ilipoanza kufanya kazi Uingereza mwaka wa 1955, ni nani aliyedhani kuwa saa za atomi zingekuja kuongoza meli na ndege kupitia setilaiti? Serikali yoyote, yetu ikiwamo, ikipuuza vipimo vya leo, kesho itanunua saa kwa bei ya wenye saa.