TUSIRIDHIKE NA KUKARIRI



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, ndugu wanafunzi na wazazi, tunalo neno juu ya namna tunavyosoma sayansi.

Mwanafunzi akiulizwa mvuke ni nini, hujibu kama alivyoandikiwa ubaoni, bila kukosa herufi. Muulize sasa: maji ya udhu yaliyomwagika barazani, jua lilipowaka yamekwenda wapi? Atasema yamenywewa na saruji. Je, huyu amejua? Nasi walimu tumekwishampa alama ya vema!

Mwaka 1972, Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walikuwa wakifuatilia jinsi watoto wanavyoelewa sayansi mwaka hadi mwaka. Mahojiano yalikuwa mengi, ikawa vigumu kuona fahamu ya mtoto imebadilika wapi. Ndipo wakabuni ramani ya dhana. Msingi wao ulikuwa fikra za David Ausubel, kwamba mtu huelewa jambo jipya kwa kuliunganisha na analolijua tayari.

Namna yake ni nyepesi. Andika MAJI juu ya karatasi, uzungushie duara. Chini yake weka jua, mvuke, mawingu, mvua na kisima. Unganisha kwa mishale, na kila mshale uupe maneno: "hupashwa moto na", "hugeuka kuwa", "hujaza". Aliyekariri tu atakwama hapo kwenye mishale.

Wapo watakaosema kuhifadhi ndio msingi wa madrasa. Ni kweli, Qur'ani huhifadhiwa neno kwa neno. Lakini hata hiyo Qur'ani tumeamrishwa tuizingatie, sembuse somo la sayansi?

Tahadhari moja: mwalimu asichore ramani yake ubaoni watoto wakanakili. Huko ni kukariri kwa sura nyingine. Kila mmoja achore yake, na akikosea asichapwe, kwani kosa lake ndilo linalotuonyesha pa kuanzia kumfundisha.

Wazazi, jioni mpeni mtoto karatasi achore alichosoma, kisha mwambieni awaeleze mshale mmoja mmoja. Mtajua alichonacho kuliko mtakavyojua kwa kutazama alama za mtihani.

Tunamuomba Allah atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.