Mbaazi za Bonga: bei haitoki shambani pekee

MKULIMA wa Bonga, katika mji wa Babati mkoani Manyara, akiuza kilo ya mbaazi huona ameuza zao tu. Lakini mnunuzi wa Mumbai, India, anapoinunua kilo hiyo hiyo, analipia pia mizani, gunia, ghala, lori, benki, bima, wakala wa forodha na meli.

Hizo ndizo huduma za biashara. Duniani kote, sekta ya huduma huchangia karibu theluthi mbili ya pato la uchumi. Gharama zake hukatwa kwenye bei ya bandarini, na kinachobaki ndicho humfikia mkulima. Huduma ikiwa ghali, au ikimilikiwa na mtu mmoja, anayeumia kwanza ni mwenye shamba.

Mfano ni usafiri. Lori la tani 10 likikodiwa kubeba tani 5, gharama ya kila kilo huwa mara mbili. Barabara ya lami ya Babati hadi Dodoma, iliyozinduliwa mwaka 2018, inapita Bonga, lakini mwenye magunia matatu hawezi kukodi lori peke yake. Humuuzia dalali mlangoni, mara nyingi kwa lumbesa, na kilo za ziada huondoka bure.

Huduma nyingine isiyoonekana ni habari za soko. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi kutoka nje, na bei nchini ikaporomoka wakati wakulima wana mzigo mkononi. Msumbiji ilikuwa na kinga: Julai 2016 ilikuwa imetia saini makubaliano na India ya kununuliwa kiasi maalumu kila mwaka. Zao lilikuwa lile lile, tofauti ilikuwa mkataba. India ilifungua tena soko Mei 2021.

Muda nao ni fedha. Mbaazi mpya za India huanza kuingia sokoni Desemba. Mzigo wa Babati ukichelewa kwa kukosa lori au cheti cha afya ya mimea, hukuta soko limejaa.

Kwa mkulima mdogo, njia ni kununua huduma kwa pamoja: mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, lori moja lililojaa, na ghala lenye leseni. Chini ya sheria ya stakabadhi za ghala ya mwaka 2005, stakabadhi inaweza kuwa dhamana ya mkopo, hivyo mwenye shida ya ada ya shule halazimiki kuuza siku ya mavuno.

Hata hivyo, ushirika nao ni huduma, na huduma yoyote ina bei. Kabla ya kupeleka gunia ghalani, mwanachama aulize makato yote kwa kila kilo, na siku ya kulipwa. Jibu liandikwe, lisiwe la mdomo. Makato yakizidi kile anachochukua dalali, ghala halijamsaidia mkulima.