Mgeni na Nyumba ya Nyeri

Mtu wa Garissa aendapo Nyeri huvuka daraja la Mto Tana, akaacha nyuma yake joto na miiba ya nyika, na baada ya safari ndefu hufika penye baridi, chini ya Mlima Kenya. Huko ndiko ilikojengwa Outspan, hoteli iliyofunguliwa mwaka 1928 na Eric Sherbrooke Walker. Desturi zake zilifuata zile za nyumba kubwa za mashambani Uingereza: moto wa kuni sebuleni, bustani ya maua, na chai ya alasiri.

Mgeni wake aliyesifika sana ni Lord Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, ambaye Walker alipata kuwa katibu wake. Mwaka 1938, akiwa mzee, alijengewa nyumba ndogo katika kiwanja cha hoteli. Kwao Uingereza alikuwa na nyumba iitwayo Pax Hill, na neno hilo “pax” kwa Kilatini maana yake ni amani. Basi ile ya Nyeri akaiita Paxtu, yaani Pax ya pili. Wahenga walinena: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hakupewa jembe. Alikaa hapo mpaka alipofariki tarehe 8 Januari 1941, mwenye umri wa miaka 83. Juu ya kaburi lake mjini Nyeri pamechorwa duara yenye nukta katikati, alama ya Skauti ya kuonyesha kwamba mtu amekwisha kwenda nyumbani.

Lakini si haki kuisifu nyumba bila kuutaja mlango wake. Zamani zile hoteli za namna hii katika Kenya zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni, ili achukue sinia na kuwasha moto. Mtu wa Garissa alikuwa mbali zaidi, kwani Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilikuwa imefungwa, wala hakuruhusiwa kutoka pasipo kibali.

Na huko nyikani kwake, je? Kibanda cha mikeka husimamishwa na wanawake, kikakunjwa tena na kupakiwa juu ya ngamia. Hakina msingi wala jiwe la ukumbusho. Walakini mgeni afikapo hupewa maziwa kwanza, kisha ndipo aulizwe atokako.

Leo mlango wa hoteli hauulizi tena rangi ya mtu. Karani wa Garissa aketipo mbele ya moto wa Nyeri, asijione kama aliyeazimwa kiti. Naye mwenye nyumba ya kulaza wageni huko Garissa asione haya kwa kuwa kuta zake ni mpya. Kuta hukongaa zenyewe kwa miaka. Bali kikombe kitanguliacho swali ni urithi aliokwisha kuupata kwa wazee wake. Akiuacha upotee, hata akijenga ghorofa tatu, atakuwa amejenga kuta tu.